Nta Hupakwa Mwisho

Povu alikataa kukaa. Inspekta alimsukumia kiti mara mbili, na mara zote mbili mwosha magari yule alikitazama kama kitu kilichookotwa jalalani, akabaki amesimama, mgongo ukutani, mikono ameikunja kifuani. Siku mbili za mahabusu zilikuwa zimemwotesha ndevu na kumwekundisha macho. Kiburi chake hazikukigusa.

"Saa nane mchana unapelekwa mahakamani," Inspekta alisema. "Kusababisha kifo kwa uzembe. Kama una la kuongeza kwenye maelezo yako, sema sasa."

"La kuongeza sina. La kupunguza ninalo. Futa hilo neno uzembe."

Mwanamke huyu aliyekuwa mbele yake ndiye aliyemkamata, na Povu hakuwa na nia ya kulisahau. Juzi asubuhi, mpima ardhi mstaafu alikutwa amekufa kitandani ndani ya gari-nyumba lake, lile gari refu lenye kitanda, jiko na choo tumboni, siku ileile aliyokuwa aanze safari yake ya miezi sita. Usiku ulikuwa wa baridi kali, akawasha hita ya gesi. Moshi wa hita ulitakiwa utokee kwenye tundu la ubavuni, lakini tundu lilikuwa limezibwa kwa nailoni na selotepu, kama waosha magari wanavyoziba ili maji yasiingie. Moshi ukageuza njia ukarudi ndani. Gari lilikuwa limeoshwa jioni iliyotangulia, mwoshaji alikuwa Povu, na alama za vidole zilizosomeka kwenye nailoni zilikuwa zake, kuanzia gumba mpaka kidole cha mwisho. Inspekta aliifunga kesi kabla ya saa sita mchana, akapongezwa.

Kilichomrudisha leo ni kitu kidogo, kitu cha kuudhi. Aliweka picha mezani.

"Kona hii. Selotepu imebanduka."

Povu aliinama kwa mara ya kwanza. Aliitazama picha, kisha akacheka puani.

"Hii si kazi yangu."

"Alama za vidole ni zako."

"Nailoni ni yangu, kazi si yangu. Afande, mimi nikibandika, napiga mashine ya presha, maji yanayong'oa rangi ya ukuta, na haibanduki. Hii imebandukia wapi? Kwenye upepo wa uani?"

"Labda siku hiyo ulikuwa na haraka."

"Mara kumi na moja umeniuliza kama nilisahau. Nimehesabu, humu sina kazi nyingine. Hukuniuliza hata mara moja ninaoshaje."

Inspekta alivuta daftari. Maneno yale yalimchoma kwa sababu yalikuwa kweli. "Haya. Unaoshaje?"

Povu alikohoa, akanyoosha kola ya shati lililochafuka, akaanza kama mtu anayesomesha wapumbavu.

"Kwanza naziba matundu. Gari lile lina manne: la hita, mawili ya friji, moja la feni ya choo. Nailoni nne. Halafu napanda paani, maana uchafu wa paa ndio unaoteremka ukachora ile michirizi myeusi ubavuni. Mjinga huanza ubavu, akimaliza paa anarudia ubavu tena. Sabuni napaka kutoka chini kwenda juu, nasuuza kutoka juu kwenda chini. Na ni sabuni ya gari. Siyo ya vyombo! Sabuni ya vyombo inakula nta, unabaki na gari lililopauka linalonukia ndimu. Kisha nakausha. Nabandua nailoni zangu zote nne, nazitupa kwenye pipa la palepale uani. Napanda tena paani, naweka silikoni mpya kwenye kingo za dirisha la juu, namwambia mwenyewe asilifungue mpaka kesho. Nilimwambia mbele ya mkewe na mdogo wake. Mwisho kabisa, nta."

"Kwa nini mwisho?"

"Utapaka nta juu ya selotepu? Nta hupakwa mwisho, kitu kikiwa kikavu na hakina kiraka. Na nikishapaka, mtu asiguse mpaka asubuhi. Bado changa hiyo."

"Pipani tulikuta nailoni tatu, Povu. Ya nne ilikuwa kwenye tundu la hita."

"Basi kuna mtu aliitoa pipani akaibandika tena. Ndiyo maana haikushika. Gundi ya mara ya pili, juu ya nta mbichi, itashika nini?" Alisogea mezani, na askari wa mlangoni akasogea naye. "Ukimulika nyoka, afande, anza miguuni pako. Siku ile ulipoibandua nailoni, chini yake uliona nini?"

Inspekta alikuwa ameona tundu, basi. Alikuwa ameona tundu na mkosaji kwa pamoja, na hakutazama kingine chochote.

"Kama ndiyo ile niliyobandika kabla sijaosha," Povu alisema polepole, "chini yake kuna vumbi la miezi mitatu na hakuna hata chembe ya nta. Kama kuna nta, mimi nilikuwa nimeshaitoa. Nenda ukalimwagie maji. Halafu uje unitazame usoni."

* * *

Mkuu wa kituo alimkuta kwenye korido, funguo za gari mkononi.

"Faili liko wapi?"

"Nahitaji kurudi kwa mpima ardhi, mkuu. Saa mbili tu."

"Kufanya nini?"

"Kulimwagia gari maji."

Mkuu alizitia funguo mfukoni. "Familia imezika jana. Familia imeridhika. Wewe mwenyewe ulisimama ofisini kwangu ukasema kesi imekwisha. Sasa unamchokonoa nani?"

"Nilisema haraka."

"Saa nane kasoro robo faili liwe mezani kwangu. Ukirudi mikono mitupu, maelezo yako utayaandikia kule kwenye dawati la vitambulisho vilivyopotea, na hapo ndipo utakaposubiri pensheni."

* * *

Geti lilifunguliwa na mdogo wa marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Spika kwa sababu alipoanza kusema hakuna aliyemfikia kwenye kitufe cha kuzima. Alikuwa akiishi kwa kaka yake tangu ndoa yake ivunjike, na alikaa langoni kama mwenye geti.

"Nyinyi tena! Mnataka tumfukue?"

"Nataka kuliona gari."

"Mmeshaliona, mmelipiga picha, mmelizungushia utepe kama keki. Mwuaji mnaye ndani. Nendeni mkamfunge, mtuache tupumue."

"Ukinipisha nitamaliza mapema."

Alimpisha, lakini kwa namna ambayo Inspekta alilazimika kupita ubavuubavu.

Gari-nyumba lilikuwa mahali palepale, chini ya paa la mabati, upande mmoja ukitazama uani na upande wa pili ukuta wa mpaka. Tundu la hita lilikuwa upande wa ukuta, mahali ambapo mtu aliye sebuleni au getini hapaoni. Gari lilimeremeta hata kivulini. Povu alikuwa na haki ya kiburi chake.

Mjane alitoka mlango wa jikoni akifuta mikono kwenye aproni. Alikuwa mwanamke mwembamba, mtulivu, wa maneno machache. Juzi, wakati Spika anapiga makelele uani, ni yeye aliyewaletea askari viti. Leo hakuleta.

"Tumezika jana," alisema. "Leo mmekuja kwa lipi?"

"Maswali mawili, mama, kisha natazama gari. Jioni ile mwosha magari alipoondoka, kila mtu alikuwa wapi?"

"Tulishasema!" Spika alidakia. "Kwani hujui kuandika?"

"Semeni tena, mkono wangu haujachoka."

"Mimi nilikuwa sebuleni naangalia mpira, kipindi cha kwanza na cha pili, sikunyanyuka hata kunywa maji. Kaka alikuwa chumbani na ramani zake. Geti nililifunga mwenyewe kwa kufuli Povu alipotoka, saa kumi na mbili. Hakuingia mtu, hakutoka mtu."

"Una hakika?"

"Nikuapie?"

Inspekta aliandika. Hakuingia mtu. Spika alidhani anambana Povu, kumbe alikuwa anaifunga nyumba yake kwa ndani.

"Nawe, mama?"

"Jikoni, naosha vyombo. Vilikuwa vya siku nzima, alitoa kila sufuria akichagua ya kwenda nayo. Nilimaliza yeye ameshaingia kulala garini. Alitaka aondoke alfajiri bila kutuamsha."

"Hukutoka nje?"

"Nitoke nje na mikono ya povu?"

Inspekta aliinua utepe, akaingia garini. Juzi alikuwa amemwona maiti na hita tu. Sasa alitazama mengine. Kitanda kimoja chembamba, cha upana wa mabega. Ng'ambo yake, mahali ambapo skrubu nne mpya ziling'aa, palikuwa na kabati la ramani. Kikombe kimoja kwenye ndoano moja. Sahani moja. Kiti kimoja cha kukunja kimefungwa nyuma ya mlango.

"Hapo palikuwa na kitanda kingine," Spika alisema kutoka mlangoni, maana asingeweza kunyamaza hata msibani. "Kaka alikitoa mwenyewe mwezi uliopita, akatengeneza kabati. Alikuwa fundi kaka yangu."

Mjane alikuwa nyuma yake. Alikuwa anatazama kandambili zake.

"Nahitaji ndoo ya maji," Inspekta alisema. "Masafi. Na kopo."

"Kuna bomba hapo," Spika alisema.

"Acha, nitamletea," mjane alisema, akaenda bombani. Alirudi na ndoo imejaa mpaka ukingoni, akaitua bila kumwaga tone, akasogea pembeni.

Waliingia watatu kwenye kichochoro kati ya gari na ukuta. Inspekta alichota kopo la kwanza akalimwaga mbali na tundu, juu kabisa. Maji yalivunjika vipandevipande, yakawa shanga, yakaviringika kwa mbio mpaka chini. Nta ilikuwa hai. Alichota la pili. Alijichukia, kwa sababu hakujua anaombea lipi: awe alikuwa sahihi juzi, au awe sahihi leo. Akamwaga juu ya tundu la hita, kwenye ule mraba ambao nailoni ilikuwa imeziba.

Shanga zilezile. Ziliviringika juu ya mraba, zikalizunguka tundu, zikateremka.

"Sasa?" Spika aliuliza. "Tumeona maji. Maji tunayo hata ndani."

"Sasa tumeona kwamba hapa chini ya nailoni pamepakwa nta. Povu hupaka nta baada ya kubandua. Angekuwa amesahau kuibandua, hapa pangekuwa pamepauka na pana vumbi. Nailoni ilibandikwa mara ya pili. Baada ya Povu kumaliza kazi. Baada ya wewe kufunga geti kwa kufuli."

Spika aligeuka kulitazama geti.

"Na aliyeibandika alipata tabu," Inspekta aliendelea. "Gundi ilikuwa imechoka, nta ilikuwa mbichi. Ilimbidi aegemee, asukume kwa nguvu."

Alijaza kopo la tatu, akamwaga kushoto kwa tundu, usawa wa kifua. Hapo maji hayakuviringika. Yaligawanyika mahali fulani, sehemu yakakimbia kama yale mengine, sehemu yakatandaa, yakang'ang'ania, yakabaki. Inspekta alisogeza uso. Palikuwa na umbo la maji lililotulia ubavuni: kiganja, na juu yake vidole vitano vimetanuka. Mkono wa kushoto.

Tone moja lilikuwa linaning'inia kwenye ncha ya kidole kidogo.

"Mnanisingizia!" Spika alilipuka. "Najua mnakokwenda. Mnasema ni mimi kwa sababu nakaa hapa bure, kwa sababu sina mke, kwa sababu mtaa wote unanisema! Tazama! Tazama mwenyewe!" Alinyoosha mkono wake wa kushoto, mnene kama mkate, akausimamisha mbele ya ile alama bila kuigusa. Vidole vyake vilivuka pande zote. Alama ilimezwa yote. "Umeona? Unaingia mara mbili! Si wangu huu! Huu ni mdogo, huu ni mkono wa..."

Aliondoa mkono taratibu. Wanaume wawili na mwanamke mmoja walilala nyumba ile usiku ule, na mmoja wa wanaume hao alizikwa jana akiwa na mikono mipana kuliko ya mdogo wake.

"Shemeji?" alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine kabisa.

Mjane alikuwa ameshikilia ncha ya aproni.

"Mama," Inspekta alisema, "leo asubuhi nimefundishwa kinachokula nta. Nimeambiwa sabuni ya vyombo. Uliniambia jioni ile ulikuwa jikoni unaosha vyombo. Nakuamini."

"Shemeji, mwambie hapana," Spika alisema. "Mwambie hapana basi!"

"Ondoka hapo, shemeji, unaniziba."

Alipita mbele yake. Hakungoja kuombwa. Aliinua mkono wake wa kushoto akauweka juu ya ule wa maji, kidole juu ya kidole, na ukatosha. Alibaki ameegemea hivyo kidogo, kama mtu anayepumzika katikati ya kazi.

"Miaka thelathini na mmoja," alisema. "Kila akirudi kutoka kupima mashamba ya watu, ananiambia: nikistaafu, mama, tutazunguka wote, nitakuonyesha milima yote niliyoipima. Nimelea watoto peke yangu kwa ahadi hiyo. Nimemzika mama yake peke yangu kwa ahadi hiyo. Gari likaja, likawa na vitanda viwili, nikashona mashuka mawili. Mwezi uliopita nikasikia anafungua skrubu. Nikamuuliza. Akasema, nahitaji pa kuweka ramani."

"Akakwambia nini tena?"

"Hakuna. Alidhani amenijibu." Alishusha mkono. "Nilitaka aamke anaumwa kichwa, aahirishe safari." Alitikisa kichwa. "Hapana, sitakudanganya. Nilisikia Povu akisema dirisha la juu lisifunguliwe. Nilijua hita inafanya nini. Nilijua."

Spika alikaa chini palepale kwenye saruji iliyolowa, akaanza kulia kwa sauti, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuna aliyetamani anyamaze.

Inspekta alitoa pingu. "Na Povu, mama? Siku mbili yuko ndani kwa ajili yako. Leo saa nane angesomewa mashtaka. Hukumwonea huruma?"

Mjane alimgeukia, na ule utulivu wote ukamtoka. Macho yake yalikuwa na chuki tupu.

"Povu sikumfikiria kabisa. Wewe ulipokuja asubuhi ile nilikuwa nimesimama pale mlangoni, nimeshafungua mdomo niseme. Ukabandua ile nailoni, hukutazama hata chini yake, ukanishika bega ukaniambia: pole mama, aliyefanya hivi tunamjua, leo hii tutamkamata. Ndipo nikaufunga."

* * *

Ilipotimia saa saba na nusu, mkuu wa kituo alikuwa ameshayasoma maelezo ya mjane mara mbili, akatia sahihi ya kumwachia Povu kwa hasira. Inspekta alitaka yeye mwenyewe afungue mlango wa mahabusu.

Povu alitoka bila kumtazama. Kaunta walimrudishia mkanda wake, kamba za viatu, na ndoo yake yenye sponji tatu na kopo la nta. Alifungua kopo, akalinusa, akalifunga.

"Nilikukosea," Inspekta alisema. "Nisamehe."

Povu alifunga kamba za viatu, kimoja, kisha cha pili. Alijiinua.

"Ulilimwagia maji?"

"Nililimwagia."

"Ya wapi?"

"Ya bomba."

"Ukalikausha?"

Inspekta alikifikiria kichochoro kile, Spika kwenye saruji, mwanamke anayeingizwa garini akiwa na aproni. "Hapana."

Povu alisonya kwa muda mrefu, akachukua ndoo yake.

"Limeshaingia madoa ya chumvi," alisema, akatoka nje bila kumpa mkono.